Kioo Kisichojua Kulia

Kilima alichokaa Lukumani hakikuwa na jina la kujivunia. Wabangubangu wa kijiji cha chini walikiita Mgongo tu, kwa kuwa kwa mbali kilifanana na nyati aliyelala kwenye nyasi. Kasongo ilikuwa nyuma yake, upande wa machweo. Kabambare ilikuwa mbele, upande wa macheo. Yeye alikuwa katikati, mahali ambapo hapakuwa na mwenye shughuli isipokuwa upepo.

Alikuwa fundi wa bunduki mjini Kasongo, miaka michache kabla ya vita vya Waarabu na Wazungu. Vidole vyake vilizoea skrubu ndogo na kamani, zile springi za mitambo ya bunduki, lakini tangu masika iliyopita mawazo yake yote yalikuwa kwenye vioo. Tajiri mmoja wa misafara, Bwana Ramazani, alikuwa amempa vioo viwili vikubwa vilivyotoka Ujiji vimefungwa ndani ya majora ya nguo, akamwambia, "Nifanyie nijue pembe zangu za ndovu zimefika Kabambare kabla mtu hajavaa viatu kuja kuniambia."

Lukumani aliitikia, lakini moyoni hakuwa akifikiria pembe. Yeye mwenyewe aliletwa Kasongo angali mtoto, kwenye kamba ya watu waliotekwa, akakulia katika nyumba ya fundi aliyemfundisha kazi na kisha kumwacha huru. Huko kwao Uzimba mama yake alibaki pasipo mtu wa kumwambia kama mwanawe yu hai au ameliwa na njia. Basi Lukumani aliamini, kwa imani safi kama ya mtoto, kwamba ukatili wa dunia ungepungua kama habari zingeenda mbio kuliko miguu.

Kazi yenyewe haikuwa rahisi. Mara ya kwanza alipojaribu, alisimama upande mmoja wa uwanja wa soko, shemeji yake Amuri akasimama upande wa pili, na mwanga wa kioo ukampiga usoni muuza samaki aliyekuwa amesimama mbali kabisa na Amuri. "Fundi!" muuza samaki alipiga kelele, akijifunika macho. "Kama unanitaka niolewe na wewe, si uje na posa!" Soko zima lilicheka. Lukumani alicheka pia, lakini alirudi nyumbani akiwaza. Mwanga wa kioo ni kama mkuki: ukikosea kidogo mkononi, huko mbali umekosea kijiji kizima.

Ndipo akabuni tundu. Nyuma ya kioo, katikati kabisa, alikwangua rangi ya fedha mpaka ikabaki alama ya uwazi ndogo kama punje ya mtama. Mbele ya kioo alisimamisha kijiti chenye ncha iliyopakwa chokaa. Mtu alichungulia tunduni kutoka nyuma, akakisogeza kijiti mpaka ncha ikafunika kilima cha mbali alichokitaka. Kisha akakiinamisha kioo polepole. Kwa kuwa mahali pale palipokwanguliwa hapakurudisha mwanga, katikati ya mwanga wote palikuwa na kidoa cha giza. Na kidoa hicho kilipotua juu ya ncha nyeupe ya kijiti, hapo mwanga ulikuwa umefika ulikotumwa, hata kama mtu mwenyewe haoni kitu. Jua nalo halikai. Basi aliweka skrubu mbili za bunduki, moja ya kukiinua kioo na moja ya kukizungusha, ili mtu alifuate jua taratibu. Mbele ya vyote aliweka pazia la vibao vyembamba lililofunguka kwa kuvuta kamba na kujifunga lenyewe kwa nguvu ya kamani.

Walijaribu tena, kutoka mjini hadi ng'ambo ya bonde, na Amuri akarudi mbio akihema. "Shemeji, nimekuona! Ulikuwa kama nyota iliyopotea njia ikatoka mchana!"

Kilichobaki kilikuwa jaribio kubwa: kioo kimoja Mgongo, na kingine juu ya kilima kinachoitazama Kabambare. Kikifaulu, watu wangewekwa kwenye vilima vingine mpaka Kasongo. Na ilitokea, au tuseme Lukumani alipanga itokee, kwamba jaribio liende pamoja na safari ya mkewe. Subira alikuwa na mimba yake ya kwanza, na mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Mama yake alikaa Kabambare. Amuri, aliyekuwa kaka wa Subira, angekishika kioo cha kule.

Lukumani aliwasindikiza hadi Kabambare, na siku ya kuagana walikaa uani kwa mama mkwe, Mama Amuri, wakipatana alama na kuzichora mchangani. Mwako mmoja mrefu ulikuwa salamu. Mirefu miwili, "wazima wote." Kulikuwa na alama ya msafara umefika, alama ya mvua, alama ya ngoja kidogo. Mtoto wa kiume alipewa mifupi mitatu na mrefu mmoja, wa kike mirefu mitatu na mfupi mmoja.

"Na kama..." Lukumani alianza.

Mama Amuri, aliyekuwa akipepeta mpunga pembeni, aliushusha ungo. "Kama nini?"

"Mama, chombo cha habari kinataka alama ya kila habari. Kama patatokea..."

"Funga kinywa! Unanichuria mwanangu ndani ya nyumba yangu, tumbo lenyewe liko hapa linasikia?"

"Sikuchurii, mama. Ni kazi tu."

"Kazi ya kumtengenezea mtu msiba kabla haujafika! Toka lini mutu anamukaribisha mugeni mwenye hajapiga hodi?"

Amuri alimkanyaga shemeji yake mguu kwa siri. Subira, aliyekuwa ameegemea nguzo ya baraza, alisema kwa sauti ndogo, "Achana nayo, Lukumani. Utaniona tu kwa mirefu miwili kila asubuhi." Naye akaachana nayo. Hata yeye, fundi aliyepima kila kitu, mwili ulimsisimka alipofikiri ni mwako gani ungefaa kwa neno hilo. Wakaiacha alama hiyo bila kuitengeneza, na hakuna aliyehisi kwamba kazi imepungukiwa.

Hivyo ndivyo Lukumani alivyopanda Mgongo na kukaa peke yake kiangazi kile.

Kila asubuhi, jua likishaukausha umande, alichungulia tunduni na kusubiri. Mbali kabisa, pale ambapo vilima vya Kabambare vilikuwa mstari wa buluu tu, cheche moja iliwaka. Mrefu: salamu. Kisha mirefu miwili: wazima wote. Naye alijibu, na moyo wake ulijaa hata akawa anazungumza na kioo. "Umeamkaje, Subira? Mimi nimeamka salama. Panya wamekula unga wangu." Hakuna alama ya panya, basi hayo aliyasema kwa mdomo, na upepo ukayachukua. Mazungumzo yote ya siku yaliisha kabla chai haijapoa. Baada ya hapo zilibaki nyasi, jua, na ukimya mrefu wa mtu anayeweza kuona mbali kuliko wote, na asiwe na wa kumwonyesha.

Mtu pekee aliyemfikia alikuwa Faradji, mwindaji wa kijiji cha chini, aliyemletea mihogo na kujichukulia ruhusa ya kumtania.

"Mutu wa kioo, leo kimesema nini?"

"Wazima wote."

"Na jana?"

"Wazima wote."

"Eh! Kule Kabambare hakuna mutu anaumwa hata kichwa?" Faradji alichuchumaa na kukitazama kioo kwa jicho moja, kama anayetazama mbuzi wa kununua. "Sisi tuko na ngoma yetu ya muti. Mutu akizaa, inasema. Mutu akikufa, inasema, na majina ya baba zake yote. Ngoma yetu inajua kulia. Hii kioo yako iko inajua kucheka tu."

Lukumani alitabasamu tu. Maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Cheche ya mtoto ilikuja siku moja alasiri, wakati usio wa kawaida. Alikuwa anamenya muhogo alipoiona ikimeta kwenye pembe ya jicho, akatupa kisu, akaenda kuchungulia. Mrefu. Mrefu. Mrefu. Mfupi.

Mtoto wa kike.

Lukumani aliruka. Alizunguka kilima kile akipiga vigelegele vibaya vya kiume, akachuma majani akayarusha juu, akaanguka, akainuka. Kisha akakumbuka na kurudi tunduni mbio, kwa kuwa baada ya habari ile ilipaswa kuja mirefu miwili. Aliona kilima cha mbali. Aliona pia wingu, moja tu, zito, likipita polepole juu yake kama ng'ombe asiyesukumwa. Wingu lile lilikaa pale mpaka jua likashuka mno na kioo cha Amuri kikawa hakifai tena.

"Kesho asubuhi," alijiambia. "Wazima wote itakuja kesho asubuhi."

Kesho yake mbingu zilikuwa safi. Hapakuwa na wingu wala moshi wa nyasi zinazochomwa. Mstari wa buluu ulikuwa wazi kama umechorwa kwa wino. Alituma salamu. Alingoja. Alipima tena ncha ya kijiti, akahakikisha kidoa kimetua mahali pake, akatuma tena. Kilima cha Kabambare kilikuwa kilima tu. Adhuhuri aliswali akiwa na jicho moja kule, akamwomba Mungu msamaha, akaswali tena upya. Alasiri alikaa bila kula.

Siku iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo.

Hapo ndipo akaanza kuusoma ukimya, na aliusoma kama mtu wa Kasongo. Katika nyumba yenye msiba, vioo hugeuzwa uso ukutani au hufunikwa nguo, na hakuna anayevigusa. Amuri hakuwa mvivu, wala kioo hakikuvunjika, maana kingevunjika angewasha hata moto wa moshi. Amuri alikuwa amekifunika kioo. Mtoto alizaliwa; hilo aliliona kwa macho yake. Mirefu miwili haikuja. Nani basi, katika nyumba ile, huondoka mtoto anapofika?

Alimwachia Faradji chombo. "Kishike vizuri, ndugu yangu. Usikiache mvuani."

Faradji alimtazama usoni na hakutania. "Kimesema?"

"Hakikusema kitu."

"Basi nenda," Faradji alisema, akamtia mihogo ya kuchoma mfukoni.

Lukumani alishika njia ya misafara. Ni njia ya watu wengi, lakini siku hizo aliikuta karibu tupu, na alitembea humo akimzika mkewe. Hakuna neno jingine la kulieleza. Kwenye vijito aliuosha mwili wa Subira mawazoni. Kwenye vivuli aliisikia sanda ikichanwa. Alikumbuka alivyoegemea nguzo ya baraza, akaikumbuka sauti yake ndogo, akajilaumu kwamba siku ile alikuwa akitazama alama zake mchangani badala ya uso wake. Watu wachache aliokutana nao walimwamkia, naye aliwapita kama kipofu. Alipolala vichakani hakuota kitu. Alipoamka alianza upya alipoachia.

Alifika kwanza kwenye kilima cha Amuri, akakikuta kioo kimelazwa kifudifudi kimefungwa kikoi. Hapo akaacha hata kutumaini. Alishuka kuelekea mjini akilia kwa sauti, bila aibu, na hivyo ndivyo alivyoingia uani kwa mama mkwe: vumbi mpaka nyusi, akiita, "Subira! Subira wangu mie!"

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele uani walinyanyua vichwa. Mama Amuri alitokea mlangoni, amejifunga kitambaa cheusi kichwani.

"Mbona unaita hivyo? Subira yumo ndani."

"Yumo..."

Na kutoka ndani, nyuma ya ukuta wa udongo, sauti ikauliza kwa uchovu, "Ni nani huyo?"

Ilikuwa sauti yake yeye, wala si ya mwingine. Lukumani alipiga magoti. Kicheko kilimtoka ambacho hakuwahi kujua anacho, kicheko kikubwa cha mtu aliyerudishiwa roho, akawa anapiga ardhi kwa viganja na kusema, "Alhamdulillahi! Alhamdulillahi! Mungu wangu, asante!" Alicheka mpaka machozi yakamchanganyikia na vumbi. Alipoinua kichwa ili mtu acheke pamoja naye, aliwaona wanawake wameacha kuchambua mchele. Hakuna aliyekuwa akimtazama usoni.

Amuri alikuwa amemshika bega. "Shemeji. Nyamaza, tafadhali. Mutoto alituponyoka alfajiri ileile ya kwanza. Tulimzika."

"Lakini ulisema... nilikiona kioo..."

"Nilisema alipozaliwa. Alikuwa anapumua, analia vizuri. Kesho yake nikapanda nikusalimie, nikashika kamba." Amuri alikunja kiganja kama mwenye kamba bado mkononi. "Niseme wazima wote? Uwongo. Niseme nini basi? Hatukuwa na neno. Nikasimama pale mpaka jua likanichoma, nikaona unaniwakia, unaniwakia, nikashindwa. Nikakifunika. Nilitaka nije mwenyewe baada ya hitima."

Lukumani aliugeukia ukuta. Nyuma ya udongo ule kulikuwa kimya, na ukimya huo hakuhitaji kuusoma. Alikuwa amemkosa mtoto wake, na jambo la kwanza mkewe alilolisikia kutoka kwake lilikuwa kicheko.

Mwanamke aliyejifungua hukaa ndani, na mume haruhusiwi kuingia mpaka arobaini yake itimie. Msiba haukuibadili desturi hiyo. Basi alikaa chini nje ya ukuta, karibu na kidirisha kisichotosha hata kupitisha kichwa. Aliyekuwa akiona vilima vya mbali sasa alizuiwa na udongo wenye unene wa mkono wake.

"Subira," alisema. "Sikucheka kwa ajili ya mtoto."

Alisogea karibu zaidi na kidirisha.

"Kioo kilipozimika nilidhani ni wewe. Nimekuzika njia nzima kutoka Mgongo. Sikujua kama kuna mwingine wa kuzikwa."

Mwanamke mmoja pembeni alinong'ona, "Wanaume!" na mwingine akamnyamazisha. Jua lilihama kutoka ukutani likaenda kwenye mtungi wa maji uliokuwa chini ya paa. Aliletewa chakula, hakukigusa. Akili ya fundi ndani yake ilianza, kwa mazoea, kutafuta ni wapi kazi iliharibika, ikarudi kila mara kwenye ua huu na ungo ule wa mpunga. Lakini hilo halikumsaidia kitu sasa. Alihitaji neno moja tu litoke upande wa pili.

"Nilikisikia kicheko chako," Subira alisema mwishowe. "Nikasema, basi hata huyu. Tangu tumzike, humu ndani wamejaa watu na hakuna anayemtaja. Kila nikifungua kinywa wananiambia, nyamaza, utalichuria tumbo lijalo. Wanaongea habari za chumvi. Nikasema, akija Lukumani nitakuwa na mtu wa kuongea naye. Ukaja ukacheka."

Lukumani aliweka kiganja ukutani. Hakujitetea tena.

"Mimi sikumwona," alisema. "Nyote mlimwona, mimi nilimwona kwa cheche nne. Niambie alivyokuwa."

"Watanikataza."

"Niambie mimi tu. Anza unapotaka."

Alimsikia akivuta pumzi, akijisogeza kwenye kitanda cha kamba mpaka sauti yake ikawa karibu na kidirisha. "Alikuwa mwepesi," alianza. "Mwepesi kuliko nilivyombeba tumboni. Nilishangaa. Mikono alikuwa akiifungua na kuifumba, kama mtu anayepima nguo. Macho hakuyafungua sana, ila mara moja alinitazama kwa jicho moja tu, lingine amelifumba."

"Kama mtu anayechungulia."

"Kama wewe ukichungulia." Sauti yake ilikatika, kisha ikaendelea. "Vidole vya miguu, cha pili kilikuwa kirefu kuliko gumba. Na sikio moja lilikunjika kwa juu. Nilikuwa nikilinyoosha, linajikunja tena. Nikasema likue tu hivyo hivyo."

Mama Amuri alikuwa amesimama mlangoni. Wanawake wa uani walimtazama, wakingoja alikate neno lile kama alivyokwisha kulikata mara nyingi. Mikono yake ilipapasa fundo la kitambaa chake cheusi. Lukumani alimwona akifungua kinywa, akakifunga, kisha polepole, kwa magoti yaliyomuuma, akaketi kwenye kizingiti, nusu ndani na nusu nje.

"Na nywele," alisema kwa ukali. "Mbona humwambii nywele?"

Ndani kitanda cha kamba kililia, Subira akigeukia mlango.

"Zilikuwa nyingi, mama," Subira alisema.

"Nyingi sana," Mama Amuri alisema, akijifuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Mpaka shingoni. Sijaona mutoto na nywele vile."